Kupiga Picha za Usiku kwa Kamera Ndogo ya Dijitali

Mtu anayenunua kamera ndogo ya dijitali, ile ya mfukoni yenye lenzi isiyobanduka, huridhika nayo mchana na kukata tamaa nayo usiku. Picha ya mtaa iliyopigwa saa tano asubuhi hutoka safi, lakini ya mtaa ule ule saa mbili usiku hutoka na chenga, au imetikisika, au inaonyesha uso wa mtu mmoja mweupe pee mbele ya ukuta wa giza. Wengi huamua hapo kwamba kamera haifai na kwamba dawa ni kununua kubwa zaidi. Mwongozo huu una msimamo tofauti. Kamera hiyo inatosha kwa kazi nyingi za usiku, ila haifai kuachiwa iamue mambo yenyewe, kwa sababu imetengenezwa kwa kudhani kwamba imeshikwa mkononi na mtu asiyetaka kusubiri. Ukiitoa mkononi, ukaiweka mahali imara na kuipa muda wa kukusanya mwanga, itakupa picha ambazo mtazamaji hatauliza zilipigwa kwa kamera ya bei gani.

Muda kwanza, ISO baadaye

Kamera iliyo katika hali ya kujiendesha ikikutana na giza hufungua kwanza tundu la lenzi hadi mwisho. Kisha hurefusha muda ambao shata, yaani pazia linaloruhusu mwanga kuingia, inakaa wazi, lakini kwa kawaida huishia karibu na sehemu ya 30 au ya 15 ya sekunde, kwa kuwa mkono wa mtu hautulii zaidi ya hapo. Mwanga ukiwa bado haujatosha, kamera hupandisha ISO, yaani namba inayoonyesha kiasi inavyokuza ishara ya mwanga, na mwishowe huwasha flashi. Hatua hizo mbili za mwisho ndizo zinazoharibu picha nyingi za usiku.

Kupandisha ISO hakuongezi mwanga unaoingia, bali hukuza ishara dhaifu iliyokwisha kupokewa. Ni sawa na kuongeza sauti ya redio iliyo mbali na kituo: maneno yatasikika zaidi, na mikwaruzo nayo itazidi. Kwenye picha mikwaruzo hiyo ndiyo chenga, zile punje za rangi zinazoenea hasa katika sehemu za giza. Kamera ndogo huumia zaidi kwa sababu kihisi chake, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, ni kidogo mno. Kihisi kinachotumika katika nyingi kati ya kamera hizo kina upana wa takriban milimita 6.2 na urefu wa milimita 4.6, ilhali kile cha kamera kubwa za wapiga picha wa kazi kina milimita 36 kwa 24, yaani eneo kubwa mara 30 hivi. Ndiyo maana ISO 1600 inayovumilika kwenye kamera kubwa huifanya ndogo itoe picha iliyopakazwa, ambayo nywele na maandishi ya mabango hayaonekani vizuri. Kwa kamera ya aina hiyo, ifungie ISO kwenye 100 au 200 wakati wowote kitu unachokipiga hakiendi mbio, na usivuke 400 au 800 bila sababu.

Hesabu yake haina ugumu. Kila unapopunguza ISO kwa nusu, shata inahitaji muda mara mbili. Kamera iliyochagua ISO 1600 na robo ya sekunde ingeweza kupata picha yenye mwangaza ule ule kwa ISO 100 na sekunde 4, kwa kuwa ISO imepunguzwa mara 16 na muda umeongezwa mara 16. Picha zote mbili zitakuwa na mwangaza sawa, lakini ya pili itakuwa na weusi uliotulia na rangi zilizoshiba. Jengo, ukuta wa bahari au mti usiopepea kwa upepo hauna haraka, kwa hiyo hakuna sababu ya kuunyima sekunde 4.

Tundu la lenzi nalo lina masharti yake. Namba yake ikiwa ndogo, kama f/2.8, tundu ni pana na mwanga ni mwingi. Namba ikiwa kubwa, kama f/8, tundu ni jembamba. Lenzi za kamera ndogo hujibana zinapokuza kitu cha mbali. Ile iliyoanza na f/3 katika upana wake wote huweza kufika f/6 ukivuta hadi mwisho, na hapo imebakiwa na robo tu ya mwanga. Usiku, sogea kwa miguu badala ya kuvuta kwa lenzi. Zaidi ya hayo, kukuza kitu hukuza na mtikisiko.

Sasa tazama kamera yako ina njia gani za kutii. Ikiwa kuna herufi M kwenye gurudumu la juu, utapanga muda, tundu na ISO mwenyewe, na hiyo ndiyo njia bora ya kujifunza. Herufi S au Tv hukuwezesha kuchagua muda, huku kamera ikijipangia tundu. Nyingi za bei nafuu hazina herufi hizo, lakini zina picha ndogo ndogo za kuchagua mandhari. Alama ya fataki ndiyo hazina iliyofichika: katika kamera nyingi huacha shata wazi kwa sekunde 2 hadi 4, hushusha ISO, huzima flashi na kulenga mbali. Alama ya mwezi na nyota hutofautiana kutoka kamera moja hadi nyingine. Baadhi huitumia kurefusha muda, nyingine huitumia kupandisha ISO, kwa hiyo piga picha moja ya majaribio kisha usome namba zinazoonyeshwa pembeni. Kama kuna herufi P peke yake, ingia kwenye menyu, ondoa ISO ya kujiendesha, weka 100, na zima flashi. Kamera itakosa pa kukimbilia ila kurefusha muda.

Kuituliza kamera

Hakuna kifaa kitakachokusaidia zaidi ya stendi ya miguu mitatu, na kwa kamera yenye uzito wa gramu 200 hata ile ndogo ya mezani inatosha. Ukikosa stendi, tumia mfuko. Shona mfuko mdogo wa kitambaa cha kanga au cha turubai, ujaze mchele au maharage hadi robo tatu, kisha ulaze juu ya ukuta, kizuizi cha barabara au kiti cha bustani na kuukandamiza katikati ili kamera ikae katika shimo lake. Mfuko huo hushika sehemu zenye mteremko ambazo stendi hushindwa, na mlinzi wa eneo hautilii shaka, tofauti na stendi ambayo mara nyingi humfanya aulize kibali.

Hata kamera iliyowekwa imara hutikisika kidole kinapobonyeza kitufe. Washa taima ya sekunde 2, bonyeza, ondoa mkono, na subiri. Kama kuna upepo, ondoa kamba ya mkononi au izungushie stendi, kwa kuwa kamba inayopepea hutosha kuharibu picha ya sekunde 8. Kamera zenye kifaa cha kupunguza mtikisiko ndani ya lenzi zizimiwe kifaa hicho zikiwa juu ya stendi, kwa sababu baadhi hutafuta mtikisiko usiokuwepo na kuuleta zenyewe. Kifaa hicho kiwashwe tena ukirudi kupiga kwa mkono.

Kuna jambo moja ambalo humshangaza mwanafunzi. Baada ya picha ya sekunde 15, kamera nyingi hukaa sekunde nyingine 15 hivi bila kuitika, kana kwamba imekwama. Haijakwama. Inapiga picha ya pili shata ikiwa imefungwa, ili ijue doa lipi limetokana na joto la kihisi na kuliondoa kwenye picha ya kwanza. Usiizime wakati huo.

Dakika 20 baada ya jua kuzama

Picha nyingi nzuri ziitwazo za usiku hazikupigwa katika giza totoro. Zilipigwa wakati mbingu ina buluu iliyokolea na taa zimekwisha kuwashwa, kiasi kwamba mwanga wa juu na wa chini unakaribiana. Wakati huo ukipita, mbingu inakuwa nyeusi tupu na taa zinakuwa madoa meupe, na kamera ndogo haina uwezo wa kubeba tofauti kubwa kiasi hicho.

Miongozo mingi iliyoandikwa Ulaya humwambia msomaji kwamba ana karibu saa nzima. Huku kwetu karibu na ikweta hana. Jua letu hushuka karibu wima, nyuzi 15 kwa saa, na mwanga wa mwanzo wa jioni humalizika dakika 21 hadi 23 tu baada ya jua kuzama, wakati mjini London mwezi wa Juni hudumu kwa zaidi ya dakika 40. Katika pwani ya Zanzibar na Dar es Salaam jua huzama kati ya saa kumi na mbili na robo hivi na saa moja kasorobo hivi, kutegemea mwezi wa mwaka. Dakika ya 12 hadi ya 25 baada ya hapo ndiyo yenye thamani. Adhana ya Magharibi nayo husomwa mara jua linapozama, na kwa anayesali hilo linahitaji mpango: chagua mahali na upande wa picha mapema, panga namba za kamera, nenda ukasali, kisha rudi ukafanye kazi kwa dakika zilizobaki bila kuhangaika.

Upande unaoutazama hubadilisha saa hiyo. Mbingu ya mashariki huwa nyeusi mapema, na ya magharibi hubaki na mwanga kwa muda zaidi. Anza na picha za kutazama mashariki, kisha ugeuke.

Jioni moja Forodhani

Mahali pazuri pa kujifunzia haya yote ni Bustani ya Forodhani, Mji Mkongwe wa Zanzibar, iliyofunguliwa upya mwaka 2009 baada ya ukarabati mkubwa. Katika eneo dogo la kutembea kwa dakika chache kuna bahari, majengo ya kale, moshi wa vyakula, watu wengi na vichochoro vya giza, na kila kimoja kinadai mpangilio wake.

Fika kabla ya jua kuzama na usimame ukiipa bahari kisogo, ukitazama Ngome Kongwe. Huo ndio upande wa mashariki, kwa hiyo uupige kwanza. Jirani yake ni Beit al-Ajaib, jengo la mwaka 1883 ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Usipange picha yako kwa kutegemea kadi za posta za zamani kabla hujaona hali yake kwa macho. Weka ISO 100, f/4 na nusu ya sekunde, kisha kila dakika tatu au nne urefushe muda mara mbili kadiri mbingu inavyofifia: sekunde 1, sekunde 2, sekunde 4. Utarudi na mfululizo wa picha za jengo moja, na kati yake mbili au tatu ndizo zitakazokuwa na buluu na njano zilizokaa sawa. Zoezi hili peke yake hufundisha kuliko kusoma.

Kisha geukia baharini, ambako magharibi bado kuna mstari wa rangi ya machungwa. Majahazi na mashua zilizotia nanga hazitulii kama zinavyoonekana kwa macho, na kwa sekunde 4 mlingoti wake hutoka mara mbili. Hapa ndipo ISO 400 inapokuwa na haki yake, kwa robo ya sekunde au chini ya hapo. Vijana wanaorukia maji kutoka ukutani wapigwe mapema zaidi, jua likiwa bado halijazama, wabaki vivuli vyeusi mbele ya mbingu. Baada ya hapo kamera ndogo haiwakamati tena.

Giza likishaingia, nenda kwenye meza za vyakula, na hapo sheria hugeuka. Watu wengi wakifika mbele ya meza ya mishkaki au pweza hupiga kwa flashi, na matokeo yake ni nyama iliyong'aa kama plastiki, moshi uliotoweka, na mpishi aliyefumba macho. Zima flashi. Kila meza ina taa yake, mara nyingi balbu inayoning'inia juu ya chakula, na taa hiyo ni nzuri kuliko yoyote utakayoibeba. Jambo la kufanya ni kuchagua pembe. Sogea hadi balbu ijifiche nyuma ya nguzo au ya bega la mpishi. Moshi wa makaa ukipita mbele ya mwanga uliofichika utaonekana wote, kila mkunjo, ilhali mwanga ukitokea upande wako moshi huo huo hauonekani kabisa. ISO 400, f/2.8 na sehemu ya 30 ya sekunde ni mwanzo mzuri. Egemeza kiwiko kwenye nguzo na upige mara tatu au nne mfululizo, kwa kuwa moja kati ya hizo huwa imetulia kuliko nyenzake.

Tazama mikono ya anayetengeneza pizza ya Kizanzibari: anavyovuta unga juu ya meza hadi uwe mwembamba kama karatasi, anavyotia nyama na yai, anavyokunja kingo nne na kuupeleka kwenye kikaango. Kuvuta unga ndiyo hatua ya haraka, na kwa sehemu ya 30 ya sekunde vidole hutoka vimefifia. Hilo si kosa, mradi uso na meza vimetulia. Kukunja kingo ni kwa utaratibu zaidi, na hapo ndipo vidole hutoka wazi. Nisingepandisha ISO hadi 1600 kwa ajili ya vidole tu, lakini huo ni uamuzi wa kila mmoja.

Kamera ikikataa kulenga, usiilazimishe. Kamera ndogo hulenga kwa kutafuta mahali ambapo weusi na weupe vinakutana, na ukuta wa giza hauna mahali hapo. Elekeza kamera kwenye ukingo wa bango lenye taa au wa balbu iliyo umbali sawa na kitu chako, bonyeza kitufe nusu, subiri alama ya kijani, kisha bila kuachia rudisha kamera kwenye picha uliyoikusudia na umalizie kubonyeza. Kwa majengo na mandhari ya mbali, alama ya mlima huiambia kamera isihangaike na vitu vya karibu. Ile taa ndogo nyekundu au ya machungwa ambayo kamera huiwasha kusaidia kulenga izimwe kwenye menyu unapokuwa kati ya watu, kwani huwafanya wote wageuke.

Rangi za taa huwasumbua wengi. Balbu ya kizamani hutoa mwanga wa njano, taa za LED nyeupe huelekea ubuluu, na taa za barabarani za sodiamu ni za machungwa. Kamera ikiachiwa hujaribu kuzisawazisha na mara nyingi huondoa joto ambalo ndilo lililokuvutia. Chagua alama ya jua katika mpangilio wa weupe ukitaka njano ya taa ibaki kama ilivyo. Alama ya balbu huipoza njano hiyo na kuifanya mbingu ya jioni kuwa buluu zaidi. Binafsi hupendelea alama ya jua kwenye vyakula na ya balbu kwenye majengo ya mawe. Umeme wetu nao una tabia yake. Mkondo wa hezi 50 hufanya taa nyingi zipungue na kuongezeka mara 100 kwa sekunde bila jicho kuona, na shata iliyo kasi kuliko sehemu ya 100 ya sekunde huweza kuacha mistari ya giza kwenye picha au kufanya picha moja iwe nyeusi kuliko nyingine. Baki kwenye sehemu ya 50 au muda mrefu zaidi.

Kuhusu watu wenyewe, kuomba ruhusa ni sehemu ya kazi, na Forodhani huombwa kwa salamu kwanza: “Assalamu alaykum, ndugu yangu. Naomba nipige picha ya jiko lako.” Kwa mtu mzima, shikamoo hutangulia. Ukishanunua chakula chake, mazungumzo huwa mepesi zaidi. Wanawake na watoto wasipigwe karibu bila idhini ya wazi, na anayefunika uso kwa mkono amekwisha kujibu. Kwa rafiki anayetaka picha yake mbele ya bahari usiku, flashi ina nafasi yake: alama ya mtu na nyota hurusha flashi na bado huacha shata wazi kwa muda ili taa za nyuma zipate kuingia. Flashi hiyo hufika mita 3 hivi, kwa hiyo asimame karibu. Mwambie pia asisogee baada ya flashi kuwaka, kwa maana hapo ndipo kila mtu huondoka akidhani kazi imekwisha, na picha hutoka na kivuli cha mtu anayetembea.

Vichochoro vya Mji Mkongwe viachwe hadi mwisho. Weka kamera kwenye baraza la nyumba, ISO 100, f/2.8, sekunde 2 hadi 4. Taa moja ya ukutani hutosha kuonyesha mlango wa nakshi na njumu zake, mradi taa yenyewe isiingie ndani ya picha. Kamera ikiona giza jingi itajaribu kuligeuza mchana, na ukuta utapauka. Tumia kitufe chenye alama za kujumlisha na kutoa, na upunguze kwa thuluthi mbili ya hatua au hatua nzima, hatua moja ikiwa ni kupunguza mwanga kwa nusu.

Magari, mwezi na nyota

Mistari ya taa za magari ndiyo picha ambayo kila mwanafunzi huitaka, na ni rahisi kuliko inavyodhaniwa. Dar es Salaam ina mahali pake, kama makutano ya Ubungo na ya TAZARA, ambako barabara zimepandana. Simama kwenye njia ya waenda kwa miguu, si ukingoni mwa lami. Kwa ISO 100, f/8 na sekunde 8 hadi 15, basi la mwendokasi halionekani lenyewe, ila taa zake huacha mistari mirefu, myeupe kwa magari yanayokuja na myekundu kwa yanayokwenda. Anza kuhesabu kabla gari halijaingia kwenye picha. Kwenye kamera ndogo f/8 hulainisha picha kidogo, na hilo halikwepeki ukitaka muda mrefu. Mwenye kamera inayoishia sekunde 4 apige picha nyingi bila kuigusa stendi, kisha aziunganishe kwenye kompyuta. Bandari, kambi, viwanja vya ndege na majengo ya dola usivipige kabisa bila ruhusa, na kwenye madaraja makubwa muulize mlinzi kabla ya kufungua stendi.

Mwezi humdanganya mpigaji. Kwa kuwa mbingu ni nyeusi, kamera hurefusha muda, na mwezi hutoka kama sahani nyeupe isiyo na alama. Mwezi unamulikwa na jua, kwa hiyo upewe muda wa mchana: ISO 100, f/5.6, sehemu ya 400 ya sekunde, lenzi ikiwa imevutwa hadi mwisho. Ukitaka mwezi pamoja na mandhari, fuata tarehe za Kiislamu. Siku ya 13 au ya 14 mwezi huchomoza mashariki wakati jua linakaribia kuzama au limezama punde tu, na mbingu bado ina mwanga wa kuonyesha minazi na bahari. Ufukwe wa mashariki wa Unguja, kama Paje na Jambiani, unaelekea huko moja kwa moja. Kila siku inayofuata mwezi huchelewa kwa takriban dakika 50, na nafasi hupita.

Nyota zinataka kinyume chake, yaani siku za mwisho na za mwanzo wa mwezi mwandamo, mbali na taa. Kuanzia Juni hadi Septemba, Njia ya Maziwa hupita juu ya vichwa vyetu jioni ikiwa na sehemu yake nene kuliko zote, karibu na kundi la Nge, jambo ambalo watu wa Ulaya huliona chini kabisa, karibu na upeo wao. Hapa kamera ndogo hufika ukingoni mwa uwezo wake. Lenzi iwe katika upana wake wote, f/2.8 au namba ndogo kuliko hiyo, ISO 1600, na sekunde 15 hadi 20. Ukizidisha, mzunguko wa dunia huzifanya nyota kuwa vistari. Kikomo hupatikana kwa kugawanya 500 kwa urefu wa lenzi uliolinganishwa na wa kamera kubwa, na kwa lenzi ya milimita 25 jibu ni sekunde 20. Chenga zitakuwepo, zivumilie.

Usiku huo huo wa giza ndio wavuvi wa dagaa wanaotoka na taa zao, baharini na katika Ziwa Victoria, kwa sababu mwezi ukiwa mpevu taa haivuti samaki vizuri. Kutoka ufukweni taa hizo huonekana kama mtaa uliojengwa juu ya maji. Mashua zinayumba, kwa hiyo sekunde 1 kwa ISO 800 hufaa kuliko sekunde 15, zinazozigeuza taa kuwa mikwaruzo.

Skrini, unyevu na chumvi

Usiku skrini ya kamera hung'aa sana na kukufanya uamini kwamba picha ina mwanga wa kutosha, kisha nyumbani unakuta ni nyeusi. Punguza mwangaza wa skrini, na kama kamera ina mchoro wa vilima unaoonyesha mgawanyo wa mwanga, uutazame. Kilima chote kikiwa kimebanwa kushoto, ongeza muda. Kuza picha kwenye skrini ukague ukali wake kabla ya kuondoka, kwa kuwa picha iliyotikisika haionekani katika udogo wake. Beba betri ya pili, kwani picha za muda mrefu huimaliza haraka.

Anayetoka kwenye chumba au gari lenye kiyoyozi na kuingia katika hewa ya pwani ataona lenzi imejaa ukungu papo hapo. Kuifuta hakusaidii, kwani unarudi. Funga kamera ndani ya mfuko wa plastiki ukiwa bado ndani, itoe nje ikiwa imefungwa, na ikae kwa dakika 20 hadi 30 ipate joto la hewa. Hili nalo lihesabiwe katika mpango wa jioni, maana muda huo unalingana na dirisha zima la mbingu ya buluu.

Ukirudi nyumbani, pulizia kwanza chembe za mchanga kwa pampu ndogo ya mpira, kisha upanguse lenzi kwa kitambaa laini kilicholoweshwa kidogo kwa maji matamu. Chumvi ikifutwa kavu hukwaruza kioo. Ule mkono wa lenzi unaotoka na kuingia upanguswe pembeni kabla ya kuzima kamera, kwa maana mchanga ukiingia nao ndani ndio unaoziua kamera nyingi ndogo za ukanda huu. Ihifadhi ndani ya chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, na betri ikae nje ya kamera ikiwa hutapiga picha kwa wiki kadhaa.